Niko Fiti, Afande

Wazee wenzangu, akina mama, hamjambo? Nitaongea nikiwa nimekaa, goti langu halitaki kusimama. Mwenyekiti wa chama chetu cha wanajeshi wastaafu ameniomba nisipige kelele. Nitajaribu, lakini siahidi.

Mimi ni sajini mstaafu, nakaa hapahapa Mbotela. Nilikuwa dereva wa malori ya jeshi mpaka bomu likalipuka kando ya barabara, likaniachia chuma gotini na mlio masikioni usiokoma. Siku ya kustaafu, daktari wa kikosi aliniuliza bila hata kuinua kichwa, "Sajini, una shida yoyote?" Ndugu zangu, mnajua nilivyojibu. Nilikaza mwili, nikagonga buti chini, goti lenyewe likiwaka moto, nikasema, "Hakuna, afande! Niko fiti!" Akaandika fiti. Nikatoka pale nikijiona mwanaume kamili.

Msicheke! Nani hapa hakujibu hivyo? Tangu ukuruta tulifunzwa kwamba anayesema anaumwa anakwepa kazi. Ukilalamikia mguu, unabebeshwa gunia la mchanga. Nina hasira na waliotufunza hivyo. Nina hasira na yule daktari, kwa sababu alikuwa na macho na hakuyainua kuniona nikiingia nachechemea. Na nina hasira na huyu mjinga anayeongea nanyi sasa.

Nilipokwenda kuomba matibabu, karani alifungua faili akaniambia, "Mzee, hapa umeandikwa mzima, na sahihi ni yako." Nilirudi mara tatu, mara tatu nikaonyeshwa mlango. Nikaanza kunywa ili ule mlio utulie. Hautulii, nawaambia! Mlevi anausikia vilevile, ila amekosa adabu. Mchana mmoja mama watoto aliangusha sufuria jikoni, mimi nikasikia lile bomu. Nilipozinduka, mikono yangu ilikuwa kooni mwake. Ndiyo, nasema mbele yenu, na yeye yuko hapa anasikia. Jioni hiyohiyo alichukua watoto akaenda kwa dada yake, na mimi nikazidi kunywa.

Aliyenifuata ni koplo mstaafu, fundi wa masanduku ya mabati kule Kariobangi. Kila Jumanne hufunga karakana yake akawazungukia wanajeshi wazee wanaougua majumbani. Hakuna aliyemtuma wala anayemlipa. Alinikuta nimelewa asubuhi, na hakunihubiria hata kidogo.

"Afande," akasema, "nahitaji mtu wa kushika upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?"

"Wa mtu. Yuko mtaa wa Ziwani, hawezi kutembea. Oga twende."

Huko Ziwani tulimkuta askari mwenzetu mzee, mgonjwa wa sukari, ameketi kitandani na buti mguuni. Buti imepigwa rangi mpaka inang'aa! Harufu ilitupokea mlangoni. Mkewe alitunong'oneza kwamba kuna kidonda humo ndani, na kwamba mzee hajaivua hiyo buti wiki nzima, anasema ni mkwaruzo tu. Tulimshika huku na huku mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, foleni imefika nje. Akauliza, "Mzee, unaumwa wapi?" Jamani! Mtu tuliyembeba alisimama! Alisimama wima juu ya mguu ule uliooza, kidevu juu, akasema, "Niko fiti, daktari. Hawa wamenisumbua bure." Mkewe akafunika uso kwa leso. Daktari akageukia mgonjwa mwingine.

Damu ilinipanda. Nilijiona mimi mwenyewe pale, na nikajua mtu huyu anakwenda kufa kwa heshima zake. Nikatoa sauti ya paredi, "Askari! Keti!" Akaketi. "Toa ripoti ya majeruhi!"

Nyinyi mnaelewa. Mwanajeshi anaweza kuficha maumivu yake, lakini ripoti ya majeruhi hafichi, kuificha ni kosa. Akakodolea ukuta macho, akaripoti. "Majeruhi mmoja, afande. Mguu wa kushoto. Hauna hisia kuanzia kifundoni. Unatoa usaha." Kisha akaishika ile buti kwa mikono miwili. "Naogopa wataukata, afande."

Daktari alichukua mkasi akaikata ile buti. Vidole viwili vilikatwa baadaye. Mguu ulibaki. Alituambia siku chache zaidi, ungekatwa juu ya goti.

Halafu akanigeukia. "Na wewe, mzee?" Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema uongo uleule. Koplo akaniangalia tu. Basi nikatoa ripoti: masikio, goti, pombe, mikono kooni mwa mke wangu. Nililia mbele ya foleni nzima, na sioni haya.

Tangu hapo kila Jumanne nashika upande wa pili. Faili langu bado linasema mimi ni mzima, na bado napigana nalo. Siku za sherehe tunapangwa mbele na medali zetu, tunapigiwa makofi, kisha Jumatatu karani yuleyule anatufukuza. Waache makofi yao! Watutibu!

Asante, koplo, kwa kuniambia nioge. Asante, daktari, popote ulipo. Asante, mama wa Ziwani, uliyesema ukweli mumeo alipokataa. Na mama watoto wangu, uliyerudi kwa masharti yako, masharti hayo ni ya haki na nitayashika.

Nilichojifunza ni hiki: uvumilivu wetu umezika wenzetu wengi, na tumeusifu tukisimama kwenye makaburi yao. Sitaki kuusifu tena.

Sasa wewe hapo karibu na mlango, uliyeingia umeshika ukuta. Usinipigie saluti, na usiniambie habari ni njema. Mkeo amekukazia macho tangu nianze kuongea. Sema panapouma, mzee. Hakuna anayetoka hapa kabla hujasema.