Vikombe Vinne na Safari ya Watu Wawili

Kwenye kona ile, kati ya duka la kinyozi na chumba cha fundi cherehani, kuna benchi lililokaliwa mpaka mbao zimebonyea. Hapo kila jambo huamuliwa kwa vikombe: anayekubali hunywa kahawa yake yote, kisha hufunika kikombe mdomo chini. Vikifunikwa vyote, mjadala umekwisha na hakuna rufaa. Ndivyo mlango wa kinyozi ulivyopakwa rangi ya kijani kama ya duka la dawa, na hadi leo watu huingia kuulizia dawa ya kikohozi. Siku hiyo fundi alifika na kijitabu cha safari mkononi, jasho likimtoka. Watoto wake walikuwa wamewaandalia wazazi wao likizo ya ng'ambo, ya kwanza tangu waoane miaka thelathini iliyopita. Kazi yake ilikuwa moja tu: achague ziara moja kati ya tatu, apeleke fomu kabla ofisi ya safari haijafungwa saa kumi. Alitaka kumshangaza mkewe. Saa nane ilikuwa imeshapita, na fomu ilikuwa nyeupe pe.

— Soma hiyo ya kwanza, alisema kinyozi, ambaye watu walimwita Redio kwa sababu hazimiki.

Karani, aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kusomea watu barua zao, alivaa miwani.

— "Ziara ya kikundi. Watu arobaini, basi moja. Nchi saba kwa siku nane."

— Saba! Fundi alishika kichwa.

— Hapo hutalii, bwana, hapo unafukuzwa, alisema Redio.

— Tulieni. "Kuamka ni saa kumi na moja alfajiri. Atakayechelewa dakika kumi, basi litamwacha."

Mzee Birika, muuza kahawa, aliacha kumimina.

— Na mke wa mtu akiwa bado anajifunga kitambaa?

— Anaachwa.

— Anaachwa nchi gani?

— Moja kati ya hizo saba. Mume atajua mwenyewe aanzie wapi kutafuta.

Miaka yote thelathini fundi hakuwahi kumwacha mkewe hata sokoni.

— Sijamaliza, alisema Karani, na sauti yake ikashuka. "Viti vya basi huzungushwa kila asubuhi, ili wasafiri wafahamiane."

Fundi alimshika Karani mkono.

— Rudia.

— "Huzungushwa."

— Yaani leo nakaa na mke wangu, kesho anakaa na nani?

— Na msafiri mwingine.

— Salaala!

— Si nilisema? Redio alisimama. Nina mteja alikwenda ziara za namna hiyo. Aliondoka na mke mwembamba, akarudi na mnene!

— Si yuleyule, amekula vizuri hotelini? aliuliza Mzee Birika.

— Ndivyo walivyomwambia.

Fundi alikunywa kahawa ikamuunguza ulimi, na hakuwa na nafasi hata ya kulalamika. Karani alishafungua ukurasa wa pili.

— "Meli, siku kumi. Kiongozi wa msafara hubeba bendera ndogo. Kila msafiri huvaa kifaa sikioni amsikie."

— Naye anakusikia! alisema Redio. Mnong'oneze mkeo kwamba supu haina chumvi, uone kama kesho utaletewa sahani.

— Mimi naiogopa hiyo bendera, alisema Mzee Birika. Bendera haibebwi bure. Mkiifuata siku kumi mnahesabiwa watu wao, mnaingizwa jeshini.

— Jeshini? Kwa umri wangu huu?

— Wewe ni fundi. Unadhani sare zinashonwa na nani?

Fundi alijiona kabisa, mkewe kando yake, wakishona vifungo vya jeshi wasilolijua.

— Ya tatu, jamani, upesi! Ofisi itafungwa.

— "Mji mmoja tu, siku nane, watu kumi na wawili. Matembezi ya miguu, ngazi nyingi. Kila alasiri mapumziko."

— Mji mmoja siku nane? Redio alikunja uso. Wanaficha nini? Wanakuchosha kwa ngazi ili ulale, na ukishalala…

— Ukishalala nini?

— Nitajuaje? Si nimelala!

Lakini ziara hiyo haikuwa na basi wala bendera, na kwa watu walioshtuka kiasi kile, hilo lilitosha. Redio alifunika kikombe. Mzee Birika akafuata, kisha Karani. Fundi alifunika cha nne.

— Imepita! alisema Karani, akatoa kalamu.

Hapo akatokea shemeji yake fundi, mdogo wa mkewe, aliyekuja kuchukua gauni lake. Alipoviona vikombe alijua kuna neno.

— Shemeji, leo mmeamua nini?

— Likizo ya dada yako! alidakia Redio. Tumemwokoa, hujui tu. Mji mmoja, ngazi nyingi, hakuna jeshi.

Shemeji alivitazama vikombe, kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho.

— Na kikombe cha dada kiko wapi?

Karani alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Fundi alivihesabu vikombe: vinne. Mabega ya mkewe aliyajua, kiuno alikijua, urefu wa mkono aliujua. Angeweza kumshonea gauni bila kumpima. Lakini kama magoti yake yanaziweza ngazi, kama meli inamtisha au ameitamani tangu usichana, kama angefurahi kukaa na wageni wamsimulie ya kwao, hakujua. Hakuwahi kumuuliza. Hilo lilimshtua kuliko nchi saba na jeshi kwa pamoja.

Saa ya kinyozi ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Fundi alimnyang'anya Karani fomu, akainama, akafunua kikombe chake.

— Jamani, amefunua! alinong'ona Redio. Inaruhusiwa?

Fundi alikisuuza kikombe, Mzee Birika akakijaza kahawa ya mwisho bila kuombwa. Kisha fundi akabana kijitabu kwapani, akavuka barabara polepole, kiganja juu ya kikombe isimwagike, akaenda nyumbani kuuliza.