Spika Alizozingoja Ejnar

Apa kwanza. Weka mkono kifuani uape, maana mdomo wangu mie hauna mlango, sitaki na wako uwe hivyohivyo. Na likikuwasha sana hili neno, basi liseme kwa mdomo tu, hata mbele ya Ejnar mwenyewe. Ila usiliandike. Popote, hata kwenye simu. Umeapa? Haya, sogea.

Benchi unalijua, lile la ubavuni mwa kibanda changu cha soseji, linalotazamana na geti la kiwanda cha spika cha Klitborg. Upepo wa pale unang'oa kofia, lakini wazee hawabanduki, kwa sababu ya kahawa yangu ya moto na umbea wangu wa bure. Walikuwa watatu. Birger tulimwita Profesa, maana hajui kitu na anafundisha kila mtu. Villads tulimwita Kufuli. Huyo alichonga masanduku ya spika mle kiwandani mpaka akastaafu, akatia saini kwamba ya ndani hatayatoa, na kweli hakuyatoa hata kwa mkewe. Wa tatu ndiye Ejnar, Sikio la Dhahabu, fundi wa injini za feri. Injini zilikuwa zimemla sikio la kushoto lote, na la kulia daktari alishamwambia linafuata, ajiandae.

Sasa Ejnar ana ugonjwa wa fidla. Anataka aisikie mpaka ule mkwaruzo wa upinde kabla haujagusa waya vizuri. Na fununu zilikuwa zimezagaa, Klitborg wanatoa spika mpya. Za zamani walishaacha kuzitengeneza. Mpya lini? Kimya. Kila akiwauliza, jibu ni lilelile: hatuzungumzii bidhaa zijazo, tunakushukuru kwa uaminifu wako. Mimi nilicheka siku ya kwanza mpaka haradali ikanimwagikia. Uaminifu! Kama wanamjibu mke.

Basi vuli ile ndiyo wakawa wanabishana kila asubuhi.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema Profesa. Spika inayokuja ni kubwa kama ghala. Ndiyo maana wamenyamaza, wanatafuta mlango wa kuitolea.

— We juzi ulisema ni nyembamba kama karatasi ya ukutani, nikamwambia mie.

— Juzi ilikuwa juzi, Shangazi. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa sababu nimeiingiza.

Kesho yake akaja na mpya. Eti spika zimeshakamilika, wanazijaribia kwa kondoo kisiwani, na kondoo mmoja kalia machozi. Keshokutwa eti kiwanda kimegundua spika isiyotoa sauti kabisa, matajiri wanainunua wakalale. Tukacheka. Kufuli hakucheka, alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Profesa akaona kicheko kinapungua, akaongeza kuni.

— Hii nimeipata kwa mtu wa ndani kabisa. Haihitaji sikio. Unaiegemea tu, muziki unaingia kwa mfupa wa kichwa.

Nikacheka mie, nikapiga kaunta. Halafu nikamwona Ejnar. Alikuwa amemgeuzia Profesa lile sikio lililobaki.

— Kweli, Birger? Kwa mfupa?

Profesa akaangalia viatu vyake. Ejnar akamgeukia Kufuli.

— Ndugu yangu, sikuulizi siri. Niambie tu ningoje au nisingoje.

— Nilitia saini, Ejnar.

Akarudia kukoroga kahawa yake.

Hapo ndipo alipokuja Sidsel, binti mgeni wa duka la maua, kununua kahawa. Alisikiliza akipuliza kikombe chake, kisha akauliza kwa upole tu, kama anayeuliza saa.

— Na sasa hivi nyumbani, mzee, unasikilizia nini?

Nikajitia kufuta kaunta. Maana sote tulijua. Hawa wapenzi wa spika wana desturi yao: mpya zikinukia tu, unauza za zamani mbio kabla hazijashuka thamani. Ejnar aliuza zake. Profesa ndiye aliyemhimiza, sisi wengine tukampongeza hapohapo benchini. Majira mawili ya baridi sasa, sikio likizidi kufifia, na nyumba yake haina hata spika moja ya kupiga fidla.

— Nasikiliza friji, akasema Ejnar.

Sidsel akaomba radhi, sijui ya nini, akaenda zake. Siku hiyo kahawa ilibaki.

Baridi ikapita. Sikio la kulia nalo likafunga. Ejnar akawa anakuja, anakaa, anatabasamu tu mtu akifungua mdomo. Sasa siku niliyokwenda kumzika binamu yangu, kibanda kimefungwa, Kufuli akamkuta peke yake. Akaketi, akaamua kuvunja saini yake.

— Ejnar, hakuna spika. Kile chumba cha wachoraji wa spika mpya kilihamishwa meza zote mwaka niliostaafu. Hakuna anayechora kitu mle.

Ejnar akaweka kiganja sikioni.

— Zinakuja?

Kufuli akarudia, akapaza sauti mpaka mlinzi wa geti akachungulia. Ejnar anamtazama midomo, uso umemng'aa kama mtoto anayefunguliwa zawadi.

— Sikusikii, ndugu yangu. Nijibu kwa kichwa tu. Zinakuja?

Villads akaitikia kwa kichwa.

Ndiyo hivyo. Ejnar ameshapiga sebule yake nta, kaweka alama mbili za chaki sakafuni, hapa moja na pale moja, na ukienda anakusimamisha katikati uone zitakavyokuelekea. Anasema zikifika atazishika kwa viganja, fidla itapanda kwa mikono. Na macho yake mazima, anasoma kila karatasi inayopita. Juzi gazeti liliandika kiwanda cha Klitborg kinafungwa. Lile la kibandani nimelikalia. Nauzia soseji juu yake, na nikiondoka naondoka nalo.

Aliyeniambia? Kufuli mwenyewe. Aliniapisha kwanza, kama nilivyokuapisha wewe.