Bibi Genowefa Kotula, Aliyeandikwa Kama Mzimu

Marehemu Genowefa Kotula alizaliwa tarehe 14 Machi 1912 hapa hapa Olszyna Błotna, mtoto wa tatu wa Mateusz na Rozalia Pietrucha. Alisoma miaka minne katika shule ya parokia, kisha akaachishwa ili alee wadogo zake. Tangu hapo kazi yake ilikuwa ng'ombe, viazi na tanuri la mkate.

Mwaka 1932 alifunga ndoa na Walenty, mhunzi. Walijaliwa watoto wawili: Kazimierz, ambaye ni baba yangu, na Hania. Hania alifariki kwa dondakoo Januari 1943, akiwa na miaka minane. Nguo zake zilichomwa kwa kuogopa ugonjwa, hivyo Bibi alimzika amemvisha koti la kaka yake, mikono ya koti ameikunja. Waliojua hilo ni yeye na mumewe tu.

Mwaka huohuo Wajerumani walijenga kambi kando ya kinamasi, wafungwa wakachimbishwa udongo mweusi unaochomwa kama kuni. Alfajiri zenye ukungu Bibi alisimama peke yake kando ya njia yao, akawaachia viazi vya kuchemsha chini ya majani. Waliinama, wakaokota, wakapita kimya. Asubuhi moja walipita wote bila kuinama wala kumtazama. Bibi alidhani wamevidharau viazi vyake, na jambo hilo lilimuuma miaka ishirini.

Juni 1963 mwanamume mmoja alisimama langoni, akavua kofia, asithubutu kuingia. Alikuwa Leopold Wajner, mfungwa wa kambi ile, aliyekuwa ameandika riwaya juu ya wenzake.

"Mama, kumbe u hai?"

"Hai, ila magoti ndiyo yamekufa. Wewe nani?"

"Nimekuandika kitabuni. Nusu ukurasa tu. Nimeandika wewe ni mzimu."

"Yaani umeniua, wewe mtu!"

"Sikukuua, mama. Sote tulijua umeshakufa. Ulikuwa husemi, na yule binti alikuwa haachi nyayo."

Bibi akaacha kucheka. "Binti gani?"

"Aliyekuwa ameshika aproni yako. Kavaa koti la kiume, mikono imekunjwa. Akiitikia kwa kichwa, tunaokota. Siku ile tuliyopita bila kuinama, alikataa. Tulipopita mbele kidogo tukamwona mlinzi kajibanza nyuma ya miti na bunduki. Tungeinama, angetumaliza, na wewe pamoja nasi."

Baba alikuwapo, na anasema Bibi hakulia. Aliuliza jambo moja tu:

"Alikuwa anakohoa?"

"Hapana, mama. Hakukohoa hata kidogo."

Bibi akamvuta mkono mgeni, akamwingiza ndani, akampakulia supu.

Walenty alifariki mwaka 1971. Bibi alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 1985. Jumatatu iliyopita, Siku ya Marehemu Wote, tulimwacha nyumbani tukaenda kuwasha mishumaa makaburini. Tuliporudi tulimkuta ameketi kitandani, amevaa nguo za kanisani, nywele amezisuka.

"Unakwenda wapi, mama?" Baba alimwuliza.

"Bado sijaambiwa," alisema. "Nyie kuleni tu."

Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 3 Novemba 1987, kabla ng'ombe hawajakamuliwa.

Ameacha mwana mmoja, Kazimierz. Mkwe wake, Stefania. Wajukuu wawili, Roch na mimi Jagna. Na kitukuu mmoja. Bwana Wajner naye yupo, amesimama pamoja na familia.

Mungu amlaze Bibi wetu pahali penye utulivu, apumzike.