Vijiko Vinne vya Unga wa Ndizi

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, Mwenyekiti wa kijiji na kamati ya zahanati, wazee wetu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, wanakwaya wenzangu, na wewe Nesi Salvina ambaye tumekusanyika kukuaga.

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nimeamua kuanza nalo kwa sababu najijua: nikiliweka mwisho, nitakaa chini kabla sijalifikia. Karatasi ya kamati, ya kukushukuru kwa niaba ya vijana, ninayo mfukoni. Ni nzuri. Sitaisoma.

Mnamfahamu mama yangu Yuditha, yule pale benchi la tatu, aliyejifunika shuka. Mnajua alianguka zizini mwezi wa nne, sukari ikiwa imeshuka mpaka kufikia hatari. Mnajua pia kwamba baba yangu, mzee Eliezeri, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema, "Salvina alimzidishia mke wangu dawa," na hakuna aliyembishia. Tangu siku hiyo watu wanaipita zahanati hii na kwenda kupima mbali, na Nesi, baada ya miaka kumi na tisa, ameomba uhamisho kwenda Chekereni. Leo tunampa kitenge na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Mtu akifukuzwa kwa ndafu, hajafukuzwa?

Mama alipogundulika na sukari alikuwa na kilo tisini na sita. Akaambiwa apunguze wanga: ndizi, ugali, wali, na pombe ya mbege kwenye sherehe. Mchagga kuambiwa aache ndizi ni sawa na kuambiwa ahame kihamba chake, shamba la ukoo, lakini mama aliacha. Kila Jumamosi alikuja hapa, akavua viatu, akavua hata hereni, mkamcheka kwenye foleni, akapanda mizani. Miezi minne, kilo themanini na nne. Aliimba akirudi nyumbani.

Basi yakaanza maneno. Msibani shangazi alimwambia baba mbele za watu, "Mbe Eliezeri, mke unamlisha au unamwangalia tu?" Shuleni, Eva wa darasani kwetu aliniuliza, "Herieth, mama yako ameanza dozi lini?" Wakacheka mpaka mwalimu akaingia. Mnajua alimaanisha dozi ya virusi. Mimi, ambaye hata nikiitwa jina naangalia meza, sikumjibu. Nilirudi nyumbani nikamjibu kwenye sufuria.

Mpishi wa supu ya mboga ya mama nilikuwa mimi, kwa kuwa yeye alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Nilichukua unga wa ndizi kwenye debe la bibi, vijiko vinne vikubwa asubuhi, vinne jioni, nikakoroga mpaka ukapotea kwenye mboga. Mama akasema, "Supu yako siku hizi inashibisha, mwanangu." Nikasema ni bilinganya. Nilitaka anenepe kidogo tu, watu wanyamaze.

Mizani ikasimama. Themanini na nne, Jumamosi tisa mfululizo.

Nesi, ulimwambia mama maneno ambayo nayakumbuka yote, maana nilikuwa nimemshikia mkoba. "Mama Herieth, mwili ukipungua nao huzoea, mizani ikagoma. Si dhambi. Usijinyime zaidi. Andika kila unachokula, tembea mpaka kanisani na kurudi, jipime kiuno kwa kamba, kuna wiki kiuno kinapungua na mizani inakaa kimya." Mama akafunga fundo kwenye kamba ya katani, akaitundika kwenye msumari jikoni. Kila Ijumaa alijizungushia. Fundo halikusogea. Akaanza kuruka chakula cha mchana, wewe hukujua. Siku moja akanigeukia, nusu ya parachichi mkononi, akasema, "Herieth, nimemkosea nini Mungu?" Mimi nilikuwa nakoroga.

Halafu sukari ikaanza kupanda. Ukamuuliza, "Hunifichi kitu, Mama Herieth?" Mama akakupa daftari. Ukasoma ukurasa kwa ukurasa, ukaamini, ukapeleka majibu kwa daktari wa Moshi mjini, naye akaongeza vidonge. Kama ulikosea, ulikosea hapo tu: uliamini daftari la mwanamke mkweli. Kila kitu alichokijua alikiandika.

Mwezi wa nne nikaenda kambi ya masomo shuleni. Wiki mbili. Supu akawa anapika mwenyewe, bila unga. Vidonge vikabaki vilevile, vingi, vya kupambana na unga ambao haukuwepo tena. Siku ya sita baba alimkuta zizini, maziwa yamemwagika, ng'ombe amesimama juu yake bila kumkanyaga. Ni wewe uliyekuja mbio, ukampaka asali mdomoni, ukapanda naye kwenye pikapu ya jirani mpaka hospitali. Alilala siku tatu bila fahamu. Aliyeamka anawajua ng'ombe wake wote kwa majina. Mimi kila asubuhi ananiuliza ni mtoto wa nani.

Wazazi, insulini tulifundishwa kwa Kiingereza. Swali lake kwenye mtihani nililijibu, nikapata alama zote, mwalimu akanisifu. Inakuwaje mtu ajue kitu kwenye mtihani na asikijue jikoni kwao?

Maneno haya nimeyaandika wiki nzima. Kila nikisikia hatua, karatasi naisukuma chini ya godoro. Jana jioni nikasikia gambuti za baba barazani, zikija mlangoni kwangu. Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikaiacha mezani, hapohapo, wino haujakauka. Akasoma amesimama, mpaka mwisho.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Vijiko vinne?"

"Vinne. Mara mbili."

Akatoka. Nikasikia panga kwenye mpaka wa kihamba, pigo moja. Asubuhi nilikuta jani hili la isale mezani, jani letu la mpakani la kuombea msamaha, limefungwa fundo.

Wazee mnajua kwamba mkosaji habebi isale peke yake. Huwa na mtu wa kumwombea. Baba, na wewe una lako la kumwambia Nesi. Naomba usimame twende wote. Ukishindwa, sitakulaumu, nitakwenda peke yangu. Na wewe Nesi Salvina, mila inasema isale haikataliwi. Mimi nasema una haki ya kuikataa. Barua yako ya uhamisho imeshajibiwa, najua, na jani halirudishi miaka kumi na tisa. Ninachotaka ni kwamba ukifika Chekereni wasiambiwe kwamba ulimwangusha mtu huku Machame. Aliyemwangusha ni mimi.

Mama, unanitabasamia kama unavyomtabasamia mgeni. Hutayakumbuka haya. Nitakuambia tena kesho, na keshokutwa, kila utakaponiuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza bila kunikatisha. Sasa naomba mnipishe njia, nifike alipokaa Nesi.