Kopo Lilisema Sifuri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kaunti ndogo ya Sikuda, Mchungaji Oboth, wageni wetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, na nyinyi wakulima wenzangu wa mpira, nawasalimu kwa heshima zote, ingawa leo sina uso wa kuwatazama.

Tumekuja kumuaga Mama Asekenye, anayerudi kwao Tororo. Miaka tisa, kila saa tatu asubuhi, alipima mvua kwa kopo la kipimo katika shamba letu la ushirika, akaiandika daftarini, kisha akapita kwenye miti akipapasa majani. Kazi yake imekwisha kwa sababu miti imekwisha. Ile iliyobaki, mmeiona hapo nyuma, inangoja kuwa kuni za kuchomea matofali. Nani ameiua? Wengine mnasema ni hali ya hewa. Mimi Ojiambo, mwenyekiti wa chama hiki, naomba niseme ukweli mbele yake kabla hajapanda gari.

Sisi tumekulia kwenye karanga na maharage, tumezoea kwamba kuvu hufuata mvua. Ndiyo maana niliweka sheria: unga wa salfa, dawa yetu ya kuvu, hautoki stoo mpaka kipimo kionyeshe mvua siku tatu mfululizo. Nilijiona mtaalamu. Februari ya mwaka juzi miti ilipukutisha majani kama kawaida yake, ikachipua mengine mekundu, laini kama sikio la mtoto. Jua likagoma kutoka. Siku kumi ukungu ulikaa shambani hadi saa nne, na tone la mvua hakuna.

Mama huyu akanifuata nyumbani. "Mwenyekiti, majani machanga yanaamka yamelowa. Pulizeni salfa leo."

Nikamcheka mbele ya watu. "Mama, kopo lako linasema nini?"

"Kopo linasema sifuri. Mkono wangu unasema maji."

"Basi tutangoja kopo."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Siku ya nane kuvu, nyeupe kama unga, ilikuwa imetanda kwenye majani; ya kumi na mbili, majani yako chini. Miti ikachipua mengine kwa akiba yake, nayo yakaanguka. Mwaka jana ukungu ukarudi, na mimi nikang'ang'ania sheria ile ile. Mti usio na majani utatoa utomvu gani? Mvua kubwa ya Aprili, niliyokuwa naiogopa, ingeweza hata kuisuuza ile kuvu, lakini ilikuta matawi matupu. Salfa yote ilikuwa stoo, mifuko haijafunguliwa.

Mama Asekenye, hukuwahi kunisema vibaya, hata kwa majirani. Afadhali ungenisema. Miaka yote nilikuwa nakuuliza namba tu. Jana ndiyo mara ya kwanza nimefungua daftari lako. Umeandika sifuri, sifuri, sifuri, na pembeni, kila siku, kwa kalamu nyekundu: majani yamelowa.

Chama kimekupa blanketi. Mimi sina zawadi inayotosha, nina hii samahani tu, na imechelewa.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza kwa utulivu huu. Yeye sikumpa hata nusu yake.