Mlango wa Mninga wa Marehemu Anania Mtewele

Mchungaji, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Mahongole, mimi Telesia ni mama mzazi wa marehemu, na historia hii ilipangwa isomwe na shemeji yangu Hosea, lakini ameshindwa, hivyo naisoma mwenyewe, na nikikwama mnisubiri.

Marehemu Anania Mtewele alizaliwa tarehe 14 Machi 1990 huko Mlangali, wilayani Ludewa, akiwa mtoto wangu wa pili, akasoma shule ya msingi hapa Mahongole kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, kisha sekondari Makambako hadi 2008, ambako hesabu zilimshinda kwenye karatasi, zikaja kumkubali kwenye mbao. Mwaka 2009 alianza mafunzo ya useremala Njombe mjini, na mwaka 2013 akafungua karakana yake Makambako.

Huku kwetu mbao ni paini na mlingoti, lakini yeye alipenda mninga unaoletwa kutoka mbali, kwa sababu ukikauka vizuri haupindi, mchwa hawaugusi, na ukipigwa randa unatoa rangi yake bila kupakwa chochote. Ile sehemu nyeupe ya nje, ambayo wadudu wanaila, aliikata yote ikaja jikoni kwangu kuwa kuni. Wateja wenye haraka aliwaambia mbao zikauke kwanza, wakamwita Fundi Kesho, naye akacheka, na vitanda vyake mpaka leo havilii.

Tarehe 2 Julai 2016 alifunga ndoa na Lidia, wakajaliwa watoto wawili, Justine mwaka 2017 na Rejoice mwaka 2021.

Kuhusu ugonjwa sina cha kusoma, maana hakuugua. Vumbi la mninga lilimkohoza, nikawa namsumbua afunge kitambaa, mwezi wa sita akapimwa kifua kikaonekana safi, tukashukuru. Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 alikunywa chai kwangu, akaenda karakana, saa nne akamwambia mwenzake Elius kwamba kichwa kinamuuma, akakaa juu ya mbao, na saa nane mchana tukaambiwa hospitalini kwamba ameshatutoka, mshipa wa kichwani umepasuka kwa presha, ambayo hata yeye hakujua anayo. Sisi tulikuwa tunalinda kifua. Mpaka sasa sijaelewa.

Mbao alizokalia ni za mlango wa nyumba yake hii, ambayo leo mmeingia kwa kusogeza turubai. Ukoo ulitaka zitumike kutengeneza jeneza, Hosea akisema fundi wa mninga hawezi kuzikwa kwenye paini kama mtu asiye na ndugu. Lidia aliinama tu, wanawe wamemshika kanga. Nikawaambia nilichojibiwa na Anania mwaka jana, nilipomwomba aniwekee mninga wa jeneza langu: “Mama, wewe nitakuzika kwenye paini. Ukifukia mninga, kuna mtu analala bila mlango.”

Jeneza mnaloliona ni la paini, amelitengeneza Elius, na aliyelipiga randa ni Hosea, nadhani ndiyo maana sauti imemkatika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliobeba kuni, maji na unga, na mafundi wote wa Makambako mliofunga karakana zenu. Jumatatu Elius anaanza kukata zile mbao za mlango.

Anania, wanao watalala mlango umefungwa. Pumzika kwa amani.