Kalume na Matawi ya Njiani

Amahoro, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Gitaza mkianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sogezeni redio karibu. Mlioko Nyanza-Lac, vivyo hivyo. Leo tunamkumbuka mzee Kalume, mlinzi wa msitu wa Kizuka. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake mjini Rumonge, akiwa na miaka themanini na minne. Nasema tena: mzee Kalume, mlinzi wa msitu, ametutoka Jumanne.

Kalume alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kivu Kusini. Alifika Rumonge akiwa kijana, akitafuta kazi ya kukata ngazi, ile mikungu ya michikichi. Akapata kazi nyingine: kutunza ule msitu mdogo ulio kati ya Kizuka na mji, wenye njia moja inayopita juu ya chemchemi. Njia moja tu. Na alikuwa mkali, wacha niseme kweli! Ukitoka njiani hatua mbili kuchuma uyoga, unamsikia: "Weye! Rudi mu njia!" Watu walimcheka. Walisema Kalume ameoa miche, na mkewe ni wa pili.

Kisha ukafika uhuru, tarehe mosi Julai 1962. Kizuka yote ilitaka kushuka Rumonge kwenye sherehe, na wote wangepita msituni. Kalume alikosa raha wiki nzima. Alijua desturi yetu: siku ya sherehe, kila mkono unataka tawi bichi la kupunga. Tena alijua kuwa pale kwenye chemchemi udongo haukauki hata kiangazi. Miguu ya watu wote wale ikipita hapo, miche inakufa, udongo unaporomoka, chemchemi inafukiwa. Kizuka ingekunywa nini?

Basi akawaendea wakata ngazi. Wao wakivuna hupogoa matawi ya michikichi na kuyaacha chini. Kalume akayabeba kichwani siku tatu. Mengine akayalundika mwanzo wa njia, watu wachukue ya kupunga. Mengine akayatandika njiani, sehemu yote yenye maji, ili miguu isichimbe udongo. Akaitazama kazi yake, akajipongeza.

Asubuhi watu wakaja na ngoma na nguo za sikukuu. Wakafika penye matawi. Wakasimama. Wakatazamana. Kisha, kwa adabu zote, wakashuka pembeni na kupita kulia na kushoto, juu ya miche!

Kalume almanusura alie. Akamdaka mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, jina lake Mwanahamisi. Bibi Mwanahamisi yupo hai, na ametusimulia: "Akanifokea, 'Juu ya nini unakanyaga miche yangu?' Nikamujibu, 'Baba, njia iko na matawi. Ni ya wakubwa. Siye tutaikanyaga namna gani?'"

Hapo Kalume akaelewa kosa lake. Enzi zile, njia ikitandikwa matawi mabichi ni ya mgeni wa heshima: askofu, au mkubwa wa serikali. Mtu wa kawaida husimama pembeni na kupiga makofi. Yeye mwenyewe alishapiga makofi hayo mara ngapi! Akavua kofia, akamshika Mwanahamisi mkono, akampandisha juu ya matawi. Akapaza sauti: "Leo wakubwa ni siye! Kanyageni katikati!"

Akacheka mmoja, wakacheka wote, wakapanda. Wengine walirudi nyuma wapite mara ya pili, polepole, shingo juu. "Sijapata kutembea vile tena," anasema Bibi Mwanahamisi.

Miche iliyopondwa Kalume aliipanda upya. Miaka kumi alizungushia miiba, akamwagilia, akafoka. Pembeni miti ikafungana kabisa, hata mbuzi hapiti.

Ukaja 1972. Wasikilizaji wapendwa, mwaka huo wa mauaji sina haja ya kuwaeleza. Nyumba nyingi za pwani hii zina jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Bibi Mwanahamisi alikimbia na watoto wawili, akafika kwenye njia ile ile, na Kalume alikuwa amesimama pale pale.

"Nikashika katikati ya njia, kama alivyotufunza," anasema. "Akaniambia, 'Hapana, mama. Leo toka mu njia.' Akafungua miti na mikono yake, miiba ikamukata. Akasema, 'Ingia. Kanyaga tu.'"

Mtu aliyefokea watu kwa ajili ya jani moja! Siku mbili walikaa humo, familia sita. Waliokuwa wakiwatafuta walipita njiani na hawakuwaona. Yeye mwenyewe hakupenda sifa. Alikuwa akisema: "Ni miti iliyoficha watu. Miye nilimwagilia tu."

Pole nyingi kwa binti yake Mwavita, kwa wajukuu, na kwa Kizuka yote. Mungu ampumzishe. Mazishi ni kesho saa nne asubuhi, Kizuka. Tunaotoka mjini tutaandamana na jeneza, na tutapita msituni, wengi sana. Basi tujiulize kabla ya kutoka nyumbani: tukienda kumheshimu mtu, miguu yetu inakanyaga nini?

Mwavita ametuma ujumbe, nausoma kama ulivyo: "Mutakuta nimetandika matawi penye chemchemi. Musishuke pembeni mukisema ni ya Baba. Baba atapita mabegani mwenu. Matawi ni yenu. Mukanyage katikati."